Godoro, mto au feni? Chagua kwa kuangalia kinachokuamsha

Godoro langu la mwisho nililichagua kwa dakika mbili. Nililala juu yake dukani, chali, viatu vikining'inia pembeni, likanipokea taratibu kama udongo wa mfinyanzi, nikasema basi, hili hapa. Lilikuwa la sponji ya kumbukumbu, ile inayolainika kwa joto la mwili na kuchukua umbo lako. Usiku wa kwanza nililala fofofo hadi saa nane. Saa nane nikaamka shuka limenigandama mgongoni, nikageukia upande wa pili, nao baada ya robo saa ukawa kikaango. Usiku wa tatu mke wangu akaniuliza gizani, "Mwenzangu, unalala au unapigana mieleka?"

Nililaumu kazi, nikalaumu umri, nikalaumu hata rangi ya pazia. Ilinichukua miezi kukubali kwamba godoro lenyewe halikuwa na kosa. Mtu anayeamka na maumivu ya bega angelishukuru. Mimi bega halinisumbui. Kinachoniamsha tangu ujana ni joto. Nilikuwa nimenunua dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Kwa hiyo usitarajie hapa orodha ya kwanza hadi ya kumi. Nitaviweka vitu viwiliviwili au vitatuvitatu, niseme kila kimoja kinatuliza shida ipi na kinaleta shida ipi. Kabla ya hapo fanya kazi ndogo: kwa wiki moja weka karatasi na kalamu kando ya kitanda. Kila ukiamka usiku, na asubuhi kabla hujashika simu, andika neno moja tu la kitu cha kwanza ulichohisi. Jasho. Shingo. Kiuno. Bega. Kelele. Mwanga. Mwenzangu. Kuna neno litakalojirudia, na hilo ndilo la kubeba dukani. (Likijirudia "kibofu", okoa pesa zako, hakuna godoro la kukusaidia.)

Magodoro

| Aina | Joto | Mwenzio akigeuka | Likianza kuchoka |
|---|---|---|---|
| Sponji ya kawaida | Wastani | Unahisi kiasi | Linabonyea kiunoni |
| Sponji ya kumbukumbu | Linatunza joto | Hakuna unachohisi | Linabaki na shimo la umbo lako |
| Springi zilizounganishwa | Linapitisha hewa | Unayumba naye | Linalia, springi zinakuchoma |
| Springi za mifuko | Linapitisha hewa | Unahisi kidogo | Tabaka la juu linabonyea kabla ya springi |
| Lateksi | Wastani, halichomi | Unahisi kidogo | Linadumu kuliko mengi |
| Sufi au pamba | Baridi | Unahisi kidogo | Linafanya madonge |

Nianze na lile lililoniponza. Sponji ya kumbukumbu ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Yost, katika mradi wa NASA wa kutafuta mito bora ya viti vya ndege. Kazi yake ni kusambaza uzito ili sehemu moja ya mwili isielemewe, na kazi hiyo inaifanya vizuri mno. Nyonga na bega vinazama kidogo, kiuno kinashikwa, na anayelala kando yako akigeuka hata hujui. Lakini kuzama huko ndiko kunakoziba hewa. Ngozi iliyofunikwa na sponji haipoi, jasho halikauki, na kadiri joto linavyopanda ndivyo sponji inavyolainika na wewe unavyozidi kuzama. Kuna zinazowekewa jeli ya kupoza. Ukilala tu unahisi ubaridi mtamu, ila jeli ikishajaa joto lako haina pa kulipeleka. Kwenye chumba cha baridi mambo yanageuka: sponji hiyohiyo inakakamaa, unapanda kitandani kama unapanda ubao, halafu inalainika taratibu unapoipasha. Wapo wanaoipenda hivyohivyo.

Springi ni familia mbili zinazouzwa kwa jina moja, na hapo wengi huliwa. Kuna zile zilizofungwa pamoja kwa waya, moja ikishuka inavuta jirani zake. Ukilala peke yako hazina neno. Mkilala wawili na mwenzako ni mtu wa kugeukageuka, kila akigeuka nawe unapanda mashua. Za mifuko, kila springi imeshonewa kwenye kifuko chake cha kitambaa na inashuka peke yake. Hewa inapita kwenye zote mbili, maana katikati ya godoro ni uwazi mtupu. Kama kwenye karatasi yako yamejirudia maneno mawili, jasho na mwenzangu, springi za mifuko ndizo jibu la karibu zaidi. Uliza tu tabaka la juu ni la nini. Springi zikifunikwa na sponji nene ya kumbukumbu, umerudi kwenye kikaango kwa mlango wa nyuma.

Lateksi hutokana na utomvu wa mti wa mpira, ingawa zipo pia za kiwandani zisizo na utomvu hata tone, na zilizochanganywa. Inarudi haraka unapogeuka, haikushiki kama sponji ya kumbukumbu, na kwa kawaida hutobolewa matundu mengi yanayopitisha hewa. Ni nzito, kulisogeza peke yako ili kutandika ni mazoezi ya viungo. Na mwenye mzio wa mpira asiiguse kabla ya kuongea na daktari.

Sufi na pamba siku hizi zinadharauliwa, na nadhani kwa kuonewa. Uzi wa sufi una uwazi ndani kama mrija na una nta ya asili, ndiyo maana ni mwepesi na haupendi maji. Godoro lake halikuchomi mgongo. Ila linataka mtu: lianikwe juani, lipigwe, ligeuzwe, na baada ya muda lifumuliwe na kujazwa upya. Pamba inafanana nayo lakini inanyonya unyevu, ni nzito zaidi, na madonge yake ni magumu. Kama huna muda wa kuanika, usijidanganye.

Sponji ya kawaida ndiyo wengi wetu tunayoilalia, na ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya nzuri na mbovu. Kwa macho zote ni sawa. Kinachozitofautisha ni densiti, yaani kilo ngapi za sponji zimo kwenye mita moja ya ujazo. Yenye kilo 16 itabonyea mapema chini ya mtu mzima wa kila usiku. Ya kilo 30 hivi na kuendelea inavumilia miaka. Lebo inaweza kusema chochote, lakini mizani haisemi uongo. Panda kwenye mizani ukiwa mikono mitupu, kisha panda ukiwa umebeba godoro, toa. Godoro la upana wa mita 1.2, urefu mita 1.9 na unene sentimita 15 lina mita za ujazo 0.342. Likiwa la densiti 30 litakuwa na kilo 10 na kidogo, mbali na kitambaa chake. Ukikuta kilo 5 na nusu, umeshika sponji ya 16, hata kama lebo imeandikwa kwa dhahabu.

Densiti si ugumu. Hili linachanganywa hata na wanaouza. Sponji nzito inaweza kuwa laini, na nyepesi inaweza kuwa ngumu leo na kuwa uji baada ya mwaka. Densiti inakuambia godoro litaishi muda gani. Ugumu unakuambia litaushika mwili wako vipi.

Na kuhusu ugumu, kuna ushauri wa zamani kwamba mwenye mgongo mbovu alale pagumu, ikibidi hata sakafuni. Mwaka 2003 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Baadhi walipewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa kati, bila kujua wamepewa lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya kati ndio waliopata nafuu zaidi. Pagumu sana panashikilia bega na nyonga peke yake, kiuno kinabaki hewani kama daraja.

Njia ya kujipima ni mkono. Lala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita bila kugusa mwili, godoro ni gumu mno kwako. Kikigoma kabisa kuingia, umezama. Kipite kwa kusuguana kidogo. Halafu geuka ulale unavyolala kwako, ukae robo saa. Ndiyo, dukani, watu wakikuangalia. Mimi niliona haya robo saa hiyo, nikailipa kwa miezi.

Jambo moja kabla ya kulitupa godoro la zamani: fungua uangalie chaga. Chaga zilizopinda au kuachana zaidi ya sentimita 7 au 8 zinalifanya godoro zima la sponji lizame kwenye mapengo, na watu hununua jipya likazama vilevile. Literemshe sakafuni, ulilalie usiku mmoja. Kiuno kikinyamaza, ugonjwa uko kwenye kitanda. Ukiwa hapo sakafuni, lalisha mpini wa ufagio juu yake, kutoka ubavu hadi ubavu. Pengo chini ya mpini likifika sentimita 3 hivi, hapo godoro limekwisha kweli.

Mito

Kama neno lako ni shingo, ruka magodoro yote hapo juu. Mto hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya godoro, na shingo inausikia mto kwanza.

Swali la kwanza si mto wa nini, ni wa kimo gani. Anayelala ubavu anahitaji mto unaojaza pengo lote kati ya sikio na godoro, yaani upana wa bega. Anayelala chali anataka wa kimo cha kati, unaoshika pango la shingo bila kusukuma kidevu kifuani. Anayelala kifudifudi mto mwembamba kama chapati, au asiwe nao, maana shingo tayari imepinda pembeni usiku kucha. Mwambie mtu akupige picha kwa nyuma ukiwa umelala ubavu: mstari wa uti wa mgongo uende sawa hadi kisogoni. Na godoro linaingia hapa pia. Ukihama kutoka godoro gumu kwenda laini, bega linazama, na mto uliokuwa sahihi jana unakuwa mrefu. Nimeona watu wakilaumu godoro jipya kwa shingo iliyokazwa na mto wa zamani.

Sasa vya kujazia. Mto wa nyuzi za polista ni mwepesi, unafulika, unakauka haraka, ila unakufa mapema. Ukunje katikati uuachie; ukibaki umekunjika, umekwisha. Sponji iliyomwagwa kwenye umbo maalumu, lenye bonde la kichwa na tuta la shingo, inafaa sana au haifai kabisa, kwa sababu kimo chake hakibadiliki. Lateksi inasukuma kichwa juu, wengine hawaipendi kwa hilo. Mimi nimeishia kwenye sufi, kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: niliufumua ukingo wa mto, nikatoa kiganja kimoja cha sufi, nikaushona, nikalala. Baada ya siku mbili nikatoa nusu kiganja kingine. Hakuna mto mwingine uliokubali kukatwa kama nguo kwa fundi.

Ukilala ubavu na kiuno kinauma, jaribu mto wa pili kati ya magoti. Unazuia paja la juu lisivute nyonga mbele. Mto wowote wa kuukuu unatosha.

Feni, kiyoyozi, au maji ya moto

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili hushuka, kwa usiku mzima karibu nyuzi moja, na mwili hulitoa joto hilo kupitia mikono na miguu. Chumba chenye joto kinaziba njia hiyo. Ndiyo maana unatoa mguu nje ya shuka bila hata kufikiri.

Feni haipozi chumba. Mota yake kwa kweli inakipasha kidogo. Inachofanya ni kukausha jasho, na jasho likikauka linabeba joto. Kwa hiyo kuiacha ikizunguka kwenye chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme, na hewa ikizidi joto la ngozi, kama nyuzi 35, upepo wa feni wenyewe unaanza kukupasha, unabaki kutegemea jasho tu. Kiyoyozi kinapoza hewa yenyewe na kupunguza unyevu, na kwenye joto la mvuke ndipo kinaposhinda kwa mbali, kwa kuwa jasho haliwezi kukauka kwenye hewa iliyoshiba maji. Tofauti iko kwenye umeme: feni hutumia wati 50 hadi 75, kiyoyozi kidogo hufika 1,000 kompresa ikiwa kazini. Kwa usiku wa saa 8, feni inakula takriban nusu uniti. Kiyoyozi kinaweza kula mara nyingi zaidi.

Watu hubishana feni au kiyoyozi kana kwamba ni timu za mpira. Kwangu vimekaa pamoja: kiyoyozi nyuzi 26, feni polepole, isielekee usoni maana inakausha koo na macho. Ninapoweka nyuzi 20 bila feni, naamka alfajiri nimejikunja natafuta blanketi. Na kama nje kumepoa kuliko ndani, geuza feni itazame dirishani isukume joto nje, fungua na dirisha la pili. Hiyo ni karibu bure.

Mshindani wa ajabu zaidi ni maji ya moto. Kuoga maji ya nyuzi 40 hadi 42, saa moja au mbili kabla ya kulala, huleta usingizi haraka zaidi, ingawa akili inakataa. Damu inakimbilia kwenye ngozi, mikono na miguu inafunguka, na ukishatoka joto la ndani linateremka. Ukioga dakika tano kabla ya kupanda kitandani hupati hilo. Unapanda bado unafuka.

Shuka

Hapa tarakimu tatu zinatosha. Katika hewa ya kawaida, kitani hushika unyevu kama asilimia 12 ya uzito wake, pamba 8 na kitu, polista 0.4. Kwa lugha ya kitandani: polista haina pa kuweka jasho lako, hivyo linabaki juu yako. Mchanganyiko wa pamba na polista haujikunji na unakauka upesi kwenye kamba, ni mapatano ya haki kwa asiyetoka jasho sana. Kitani kinakwaruza mwanzoni, kinalainika kila ukikifua, na kinajikunja hata ukikiangalia tu.

Usinunue kwa idadi ya nyuzi. Kupita 400 hivi, mara nyingi namba inapandishwa kwa kuhesabu kila kijiuzi kilichosokotwa ndani ya uzi mmoja. Kinachohisiwa zaidi ni ufumaji. Ule wa juu-chini, juu-chini ni mkavu na wa baridi. Ule unaong'aa kama satini ni laini na mzito, unakumbatia joto. Baada ya kubadili godoro langu kichwani mara kumi, kitu cha kwanza nilichobadili kweli kilikuwa shuka, na nusu ya jasho iliondoka nalo.

Mwanga na kelele

Pazia zito au kifuniko cha macho? Kifuniko ni rahisi, kinasafiri nawe, lakini huteleza saa kumi usiku. Pazia linazuia pia jua la alasiri lisipashe chumba, kwa hiyo mwenye neno jasho anapata faida mbili. Asubuhi lifungue mara moja. Mwanga huo ndio unaoiweka saa ya mwili kwa usiku unaofuata.

Kwa kelele, Shirika la Afya Duniani limeweka desibeli 30 kuwa kiwango cha kutovuka ndani ya chumba cha kulala, na hiyo ni kama mnong'ono. Vizibo vya sponji hupunguza sana, mradi uvisokote viwe vyembamba, uvute sikio juu kwa nyuma, uviingize, uvishike hadi vijae. Wengi huvibandika mlangoni mwa sikio halafu husema havifanyi kazi. Mwenye mtoto mchanga asivitumie. Mvumo wa feni unafunika kelele za ghafla bila kumzuia kumsikia akilia.

Kuna neno moja ambalo likitokea kwenye karatasi yako hakuna kitu hapa kitakachokufaa: kukabwa. Ukiamka unatafuta hewa, au mwenzio akisema unakoroma, unanyamaza kama umekata pumzi, kisha unashtuka, na mchana unasinzia hata umekaa wima, nenda kwa daktari kabla ya dukani.

Lile godoro langu liko chumba cha wageni. Shemeji yangu, mtu wa mabega mapana anayelala ubavu na kusikia baridi hata kunapokuwa na joto, amelala juu yake mara nne sasa. Kila akiondoka ananiuliza kama naliuza.